Kasa na Migomba ya Mama

Usiku ule nililala na mchanga miguuni. Bomba la nje lilikuwa limekauka, na kusema kweli hata kama lingekuwa na maji nisingeyatumia, maana nilikuwa nimechoka kiasi kwamba mtu angeniambia ninawe miguu tungegombana. Nilijitupa kitandani na gauni langu, nikashusha chandarua, na kabla sijageuka ubavu Baba Salome alikuwa ameshaanza kukoroma. Kwenye kitanda cha pili, upande wa dirishani, binti yetu Salome alikuwa ameelekea ukutani. Sikujua kama amelala au amefumba macho tu. Hiyo ndiyo hali yetu kwa miaka mitatu sasa, nakaa naye chumba kimoja nisijue kama yuko macho.

Ndoto nitaisimulia kama nilivyoiota. Lakini kwanza lazima niseme tulikuwa wapi na kwa nini, la sivyo mtasema mwanamke huyu alishiba vibaya akalala.

Tulikuwa likizo. Wazo lilikuwa la Baba Salome, na mimi nililicheka. Sisi ni watu wa Korogwe, Pangani si mbali, na katika maisha yetu yote hatujawahi kulipia chumba ili tutazame maji. Akashikilia. Alisema mtoto huyu ananyauka mbele ya macho yetu, tumpeleke mahali asipojulikana, labda bahari itamfungua mdomo. Akafunga mchele, maharage na jiko la mkaa kwenye gunia, kana kwamba Pangani watu hawali. Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba mke wake anapenda kulalamika akiwa na njaa, kwa hiyo yeye anajihami. Nikanyamaza kwa sababu ilikuwa kweli.

Niseme na kazi yangu. Mimi ni karani wa masjala. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kujua kitu kiko wapi. Mkubwa akitaka faili la mtu aliyestaafu zamani, mimi nishaliona kabla hajamaliza kutaja jina. Nimejisifu kwa hilo mbele ya watu wengi, na ndiyo maana naona haya kuyasema haya.

Usiku wa pili, tukiwa tunasuuza vyombo, alikuja Bi Mwajuma, mama mmoja mnene wa pale kijijini ambaye kazi yake ni kulinda viota vya kasa. Akasema kasa amepanda kutaga, anayetaka kumwona amfuate, ila kwa masharti. Simu zizimwe, yeye ana tochi moja yenye mwanga mwekundu, inatosha. Tusiongee. Tusimpite kwa mbele mpaka amalize.

"Mzazi hasimamiwi mbele," alisema, na mimi nikamwelewa haraka kuliko wenzangu, kwa sababu mama yangu alikuwa mkunga.

Tulimkuta ameshachimba. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani, gamba lake kama sinia la pilau ya harusi, na miguu yake ya nyuma ilikuwa inaning'inia juu ya shimo. Mayai yalianza kudondoka, mawili mawili, meupe, yenye ute. Baba Salome alivua kofia, sijui kwa nini, akabaki ameishika kifuani kama aliyeingia kanisani. Machozi mazito yalikuwa yanamtoka yule kasa. Bi Mwajuma akatunong'oneza kwamba ni chumvi tu anaitoa mwilini, tusimwonee huruma kupita kiasi. Mimi nilimwonea huruma hivyo hivyo.

Alipomaliza alifukia, akashindilia. Halafu akaanza kurusha mchanga kwa miguu ya mbele, huku na huku, mpaka ukatupiga magotini. Ndipo Salome, ambaye tangu Korogwe hakuwa ametamka sentensi tatu, akauliza:

"Sasa anafanya nini?"

"Anaficha," Bi Mwajuma alimjibu. "Anavuruga mahali pote ili mtu asijue yalipo."

"Na yeye mwenyewe atajua?"

"Akishaingia majini basi, mwanangu. Harudi kuyatazama."

Kasa alipoondoka, Bi Mwajuma alitoa kamba. Akapima kutoka kwenye jiwe kubwa hadi kiotani, akapima tena kutoka kwenye nguzo ya zege, akaandika kwenye daftari lake huku amebana tochi kwa meno. Alisema lazima upime kutoka vitu viwili visivyohama, vinginevyo upepo wa siku chache unafuta kila kitu na hata yeye hapaoni tena. Salome alimtazama akiandika mpaka alipofunga daftari. Kisha akasema, si kwangu wala si kwa mtu yeyote:

"Huyu ana bahati. Kuna mtu amemwandikia."

Tukarudi tulikofikia. Baba Salome alifurahi kwamba binti yake amesema. Mimi sikufurahi, kwa sababu nilijua anasema na nani.

Miaka mitatu iliyopita nilimpeleka Salome kijijini Muheza, kwa mama yangu, akajifungue mimba yake ya kwanza. Ndiyo desturi yetu, uzazi wa kwanza unafanyika kwa bibi. Mumewe alikuwa kazini mgodini, na hata sasa yuko huko. Kliniki alikuwa anahudhuria na hakukuwa na dalili yoyote mbaya, lakini uchungu ulikuja mapema, alfajiri ya mvua, barabara imekatika, na mtoto akatoka bila kulia. Mama alimsugua mgongo, akampulizia puani, akamgeuza, akamsugua tena. Halafu akaacha. Nilimwona mama yangu akiacha, na sijawahi kuona mikono ya mtu ikawa mizito namna ile.

Kwetu mtoto asiyelia hawekewi matanga. Anazikwa siku ile ile na wanawake walioacha kuzaa, bila wanaume, mahali penye unyevu, ili tumbo la mama yake lisikauke. Na mama yake haonyeshwi mahali. Wazee walisema akionyeshwa atakuwa anapatazama kila siku, na tumbo litafuata macho. Mimi sikubuni hayo. Niliyakuta, kama nilivyoikuta nyumba.

Penye unyevu pale kwa mama ni mahali pamoja tu, nyuma ya nyumba, ambako maji ya bafuni hutokea na migomba hustawi. Tulimviringisha kwenye khanga yangu mpya, mimi nikamshika, mama akachimba kwa jembe la mpini mfupi. Alikuwa mtoto wa kiume. Tulimlaza chini ya mgomba wa mkono wa tembo, uliokuwa mmoja tu pale. Mingine yote ilikuwa ya ndizi za kisukari. Nikajiambia alama ni hiyo, sitapotea.

Salome alikuwa amelazwa chumba cha nyuma. Nilipoingia aliniuliza, "Mmemlaza wapi?" Nikamjibu, "Mahali pazuri." Aliniuliza tena alipopata nguvu. Aliniuliza mwaka uliofuata, tulipokwenda kumzika mama, maana mama naye hakukawia. Kila mara nilimjibu maneno yale yale, kisha akaacha kuuliza. Mila ilituahidi kwamba tumbo halitafunga. Habari ya tumbo siijui, kwa kuwa hataki hata kusikia neno mtoto. Kilichofunga ni mdomo. Na tangu mama afariki, duniani anayepajua mahali pale nilibaki mimi peke yangu.

Basi nililala, na mchanga miguuni.

Nilisikia mtu anakwangua. Nilidhani ni panya kwenye masufuria yetu, nikanyanyuka kwenda kuwafukuza, na nilipofungua mlango sikukuta baraza. Nilikuta ufukwe. Bahari ilikuwepo lakini haikuwa na sauti, kama redio iliyoteremshwa mpaka mwisho. Mwezi sikuuona, ila kulikuwa na mwanga wa kutosha kuona nyayo zangu. Nikatembea kuufuata ule mkwaruzo, na mbele yangu yuko kasa yule yule, anataga, na nyuma yake amepiga magoti mwanamke aliyejifunga khanga chini ya kwapa, mikono imelowa hadi viwikoni.

Ni mama.

Najua amekufa. Katika ndoto nyingine nilizomwota huwa nasahau, tunapika, tunasengenya majirani, nikiamka ndipo nakumbuka nalia. Hii sikusahau hata mara moja. Lakini simwogopi. Ninachoona ni aibu, kama mtoto aliyekutwa anachungulia mlangoni. Anapokea yai kwa mikono miwili kama alivyokuwa anapokea watoto wa watu, analilaza shimoni, anarudisha mikono kupokea lingine. Hanitazami. Hata alipokuwa hai, akizalisha hakuwa akimtazama mtu.

"Shikamoo, mama," nasema.

Haitikii. Anapokea yai lingine.

"Umekuja na nani?" anauliza.

"Na Salome. Na baba yake."

"Salome yuko wapi?"

"Amelala."

"Hajalala," anasema mama.

Nageuka kutazama nilikotoka, na nyumba haipo. Nikirudisha uso, kasa naye hayupo. Pamebaki mfereji mmoja alioupita kwenda majini, na mfereji huo una maji, na maji yenyewe yananuka sabuni ya kufulia. Nayajua maji hayo. Nimeyaruka utoto wangu wote. Mchanga chini ya miguu umekuwa mweusi na laini, na juu yangu majani ya migomba yanagusana. Tuko nyuma ya bafu la mama, Muheza, na hakuna aliyetuleta.

Mama amesimama sasa. Mkononi ana jembe la mpini mfupi, ananinyooshea.

Kwetu wanasema marehemu akikupa kitu ndotoni usipokee. Mama huyu huyu ndiye aliyenifundisha hivyo, na alikuwa mkali kwa jambo hilo. Nafumbata mikono mgongoni. Yeye anabaki amelinyoosha. Mkono hautetemeki, uso haukasiriki, na mimi nazidi kuona ni utovu wa adabu gani huu wa kumkatalia mama mzazi kitu anachokushikia. Nanyoosha mkono. Napokea. Ni zito kuliko jembe lolote nililowahi kushika.

"Nionyeshe," anasema.

Hilo naliweza. Mimi ni karani wa masjala. Natembea moja kwa moja kwenye mgomba wa mkono wa tembo, na nikiufikia naona wa pili nyuma yake, wa mkono wa tembo pia. Na wa tatu. Nageuka: yote ni mikono ya tembo, hakuna hata kisukari mmoja, mashina manene yaliyovimba, na katikati yake yale yaliyokatwa na kuoza. Nakimbilia mmoja, natoka, nakimbilia mwingine. Maji ya bafuni yananipanda vifundoni. Mama ananifuata taratibu, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Uliweka alama gani?" ananiuliza.

"Mgomba, mama. Ule wa mkono wa tembo."

Anaupapasa mgomba ulio karibu naye.

"Mgomba hutembea," anasema.

Na ni kweli. Nalijua hilo tangu utoto. Kila mtoto aliyekulia kwenye migomba analijua. Mama mtu anazaa mkungu, anakatwa, anaoza, na mtoto anasimama hatua moja pembeni. Mwaka unaofuata huyo naye anakatwa, na wake anasimama hatua nyingine. Nimeona shamba zima likihamia kwenye mto. Nililijua, na bado niliutegemea mgomba nikaufanya jiwe la kaburi. Naangalia na kuiona inatembea mbele yangu, bila haraka, shina linalala na lingine linanyanyuka, hatua, hatua, mpaka ule niliokuwa nimeushika haupo tena mkononi mwangu.

Halafu niko kazini. Nimevaa sare yangu ya ofisini na miguu imelowa. Makabati yote ya masjala yako wazi, nafungua droo baada ya droo, na ndani hamna faili. Mna udongo, umejazwa vizuri mpaka ukingoni. Nyuma ya dirisha dogo la kupokelea wateja amesimama Salome. Amevaa lile dera alilokuwa nalo siku ile. Amesimama tu kama watu wanaokuja kila wiki kuulizia mafao yao na sisi tunawaambia njoo wiki ijayo. Najua sura hiyo. Nimeifungia dirisha mara nyingi.

"Njoo wiki ijayo," nasikia mdomo wangu unamwambia.

Salome anaitikia kwa kichwa. Anakwenda kukaa kwenye benchi. Kwenye benchi lile kuna wanawake wengine, wamekaa wamebanana, wengine wazee sana, wamejifunika khanga, hakuna anayeongea na mwenzake. Nawahesabu mmoja mmoja kwa macho na wa mwisho, mwishoni kabisa mwa benchi, ni mama yangu.

"Mama," nasema, "wewe unasubiri nini hapa?"

Hapo ndipo ananitazama. Kwa mara ya kwanza tangu ndoto ianze ananitazama usoni, na macho yake si makali. Ni macho ya msichana.

"Na mimi ninaye mmoja," anasema. "Kabla yako wewe. Sikuonyeshwa."

Maisha yangu yote nimejua kwamba mimi ni kifungua mimba wa mama yangu. Nimeitwa hivyo, nimepewa heshima ya hivyo, wadogo zangu wamenipisha viti kwa ajili hiyo.

"Huku niliko nimeulizia," mama anasema. "Hakuna anayejua. Waliomlaza nao waliweka alama zilizotembea."

Benchi limekwisha. Tuko tena ufukweni, mimi na yeye, na kiota kiko wazi kati yetu. Naona mayai, na ninaogopa kuyahesabu. Mama anapiga magoti, anaanza kufukia kwa viganja, na mimi napiga magoti upande wa pili, tunafukia pamoja kama tulivyofukia siku ile, bila kuangaliana. Mchanga una joto. Nasikia mikono yake ikigusa yangu chini ya mchanga, na ni mikono ya mtu hai kabisa, migumu, yenye ile sugu ya kidole gumba. Nalia. Nalia kwa sauti na bahari haina sauti ya kunifichia.

"Nilifanya kama nilivyofanyiwa," anasema. "Nikakufunga na wewe kwa mila ile ile."

"Nimwambie nini, mama?"

"Palipo."

"Sipajui tena."

"Basi mwambie hivyo," anasema mama. "Lakini usimwache naye aje huku akitafuta."

Anasimama, anajipangusa magoti. Nataka kumshika khanga. Anaanza kurusha mchanga, kwa mikono miwili, huku na huku, kama kasa, na mchanga unaniingia machoni, unajaa, siioni khanga, siioni bahari, nasikia tu ule mkwaruzo unakwenda mbali kuelekea majini. Naita. Naita mara moja tu, na jina ninaloita si la mama. Ni la Salome.

Niliamka nimekaa. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika godoro, na shuka ilikuwa imejaa mchanga ule wa miguu yangu, umesambaa mpaka kwenye mto. Dirisha limeanza kuwa la kijivu. Baba Salome alikuwa anakoroma vile vile, hata hakugeuka. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu.

Sijui kama ni kweli mama alikuwa na mtoto kabla yangu. Sina wa kumuuliza. Waliokuwa wakijua wamekwenda wote. Najua tu kwamba nilipoteremsha miguu chini nilikuwa nimeshakata shauri, na niliogopa nikikaa hata dakika moja kufikiri nitarudia kuwa yule mwanamke wa "mahali pazuri". Nilitoka bila kujifunga hata khanga.

Salome alikuwa barazani, kwenye ngazi, mgongo kwangu. Bahari sasa ilikuwa na sauti yake. Nilikaa kando yake. Hakunisalimia wala mimi sikumsalimia. Nikaona nikianza na ndoto nitajificha ndani ya ndoto, kwa hiyo sikuanza nayo.

"Ni nyuma ya bafu la bibi yako," nilimwambia. "Kwenye migomba. Tulimlaza mimi na bibi. Alikuwa wa kiume. Alikuwa na nywele nyingi, na kidevu cha baba yako."

Hakugeuka. Niliona mabega yake yakipanda, yakakaa huko juu, hayakushuka.

"Tulimviringisha kwenye khanga yangu. Bibi alimwombea. Hatukumtupa, mwanangu. Hatukumtupa hata kidogo."

Nikamwambia na lile lililobaki, ambalo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu kumficha mtu kitu ulichonacho ni dhambi moja, na kumficha mpaka kikapotea ni dhambi nyingine.

"Alama niliyoweka ilikuwa mgomba. Miaka mitatu sasa, imehama. Nikienda leo siwezi kukuonyesha kwa kidole ni hapa. Nimepapoteza, Salome. Ni pako, na mimi nimepapoteza. Nisamehe."

Mabega yalishuka. Alilia, lakini si kwa namna niliyoitegemea. Alilia kama mtu anayepumua baada ya kubeba ndoo mbali. Nilimwacha. Nilitaka kumkumbatia na nikajizuia, maana sikujua kama bado nina ruhusa. Ilipita muda. Watu wawili walipita ufukweni na nyavu zao, wakatusalimia, mimi nikawaitikia kwa niaba ya wote wawili.

Halafu alijifuta uso kwa kiganja na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile sauti yake ya zamani ambayo nilikuwa nimeshaisahau:

"Nilisikia jembe, mama."

Nikamtazama.

"Nilikuwa chumba cha nyuma. Mvua ilikuwa imeacha. Nilisikia kila pigo. Lilikuwa linapiga ng'ambo ya ukuta, usawa wa kichwa changu, pale kitanda kinapogusa kona. Sikuthubutu hata kugeuka nisije nikaacha kusikia." Alinigeukia. "Napajua. Ukuta haujahama. Nilikuwa nasubiri wewe uniambie."

Niliingia ndani kumwamsha baba yake, nikamwambia afunge gunia lake la mchele, tunaondoka kwenda Muheza.